Uzi wa Kahawia Kwenye Kamba

Kaka mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula, unalala, na mgongo haukusumbui. Najua kila barua inaanza hivyo na hakuna anayengoja jibu, lakini leo nakuuliza kweli, sikuulizi kwa adabu. U mzima? Ukifika mwisho wa karatasi hii utaelewa kwa nini nauliza mara mbili. Huku mimi ni mzima wa mwili. Mama anakunywa uji nusu kikombe asubuhi, na jioni anasema ameshiba. Kuku walikuwa wamenenepa, sasa wameanza kukonda, na hilo nalo lina kisa chake.

Naandika mbio mbio kwa sababu dereva wa lori la mbao, yule mwenye pengo, anaondoka saa nane mchana. Ni yeye peke yake ninayemjua anayefika huko msituni kwenye kiwanda cha mbao ulikosema unafanya kazi. Simu yako haipatikani. Nimepiga mpaka yule dada anayesema haipatikani nimemzoea kama jirani, imebaki tu nimuulize watoto hawajambo. Ningekuja mwenyewe, ila siwezi kumwacha Mama hata siku moja, nawe utaona kwa nini.

Nianze na mazuri, maana yapo. Mvua zimekuja vizuri. Kijitoni maji yamejaa mpaka lile jiwe tulilokuwa tukifulia limezama, limebaki kisogo tu. Nyuki wamerudi kwenye ule mti uliopasuka. Asubuhi ukungu unakaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli, jua likichomoza unaanza kupanda hadi mlangoni kwetu, unaingia bila hodi. Mimi sikuwa mtu wa kuangalia ukungu, unanijua, sijawahi kukaa chini hata chai ikapoa. Kilichonikalisha ni kufuma.

Ndiyo, nafuma. Hulijui hilo kwa sababu uliondoka nikiwa na miaka kumi na mitatu, na kazi yangu ilikuwa kupoteza sindano za watu. Mama alikataa kunifundisha, akasema mikono yangu ina pupa, nitaharibu uzi. Basi nikajifundisha kwa gazeti la mitindo ambalo muuza duka alikuwa akifungia sabuni. Kurasa za mikono zilishaondoka na sabuni, kwa hiyo sweta langu la kwanza halikuwa na mikono, na la pili lilikuwa na mkono mmoja mrefu kama wa mtu anayekuomba chumvi kutoka nyumba ya pili. Mama mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu, akataka kujua kama namfumia binadamu au pweza. Sasa hivi nafumia watoto wa shule, masweta mawili kwa wiki. Yule mama mwenye karakana mjini, mwenye mashine saba za kufumia, aliyaona akaniita nikafanye kazi kwake. Nilirudi nyumbani mbio, viatu mkononi. Mama alinisikiliza, akakoroga maharage, akaonja chumvi, akasema nitakwenda wewe ukirudi. Neno hilo lishike, nitalirudia.

Labda umesahau sheria ya nyumba yetu kuhusu masweta, wanaume huwa mnasahau mambo ya sandukuni. Bibi ndiye aliyeianzisha. Sweta la mtu aliyekufa halivaliwi wala halitolewi. Linafumuliwa lote. Na uzi uliofumuliwa unakuwa umejikunja kama nywele zilizotoka kwenye misuko, kwa hiyo unaoshwa, unafungiwa jiwe, unaning'inizwa kwenye kamba ya nguo mpaka unyooke, halafu unafumwa upya uwe wa mtu mwingine. Wa Baba, ule wa kijivu, ulining'inia siku tatu ukawa sweta langu la shule. Mtaa mzima wanajua, wakiona uzi wenye jiwe kwenye kamba yetu wanavua kofia. Lakini sweta la mtu aliye hai haliguswi na mtu. Litoboke, libane, litamngoja mwenyewe.

Lako la kahawia, lenye jani kifuani, limekungoja miaka sita. Kila mwanzo wa mwezi, siku yenye jua, naambiwa nilitoe nilianike na kulikagua nondo, na kabla halijarudi sandukuni Mama ananusa kola. Na sahani yako ile ya bati yenye ua la bluu, kila jioni inapakuliwa, inafunikwa, asubuhi chakula kinakwenda kwa kuku. Ndiyo siri ya unene wao. Miaka sita, kaka, tumekula wawili na kupika kwa watatu.

Basi, Jumatatu moja, leo ni siku ya ishirini na sita, Mama alikwenda kijitoni kuchuma mboga akaniachia kazi ya kuanika. Mimi nilikuwa nafuma sweta la mwalimu mkuu, uzi ukaniishia bado mikono. Nikatazama sweta lako. Nikalifumua. Nimeiandika kwa neno moja kwa sababu ndivyo ilivyokwenda, ukishapata mwisho wa uzi unavuta tu, mistari inakimbia yenyewe, na sweta zima linakuwa rundo mapajani. Nikauosha, nikaufungia jiwe, nikautundika.

Mama akatokea kona ya banda la kuku na kikapu. Nilishajiandaa kwa kelele, nilikuwa na visingizio vitatu vimepangwa kama sahani. Aliweka kikapu chini taratibu kana kwamba kina mayai. Jiwe lilikuwa linazunguka kwenye uzi, polepole, linakwenda na kurudi. Akalishika, likatulia. Akaniuliza kama uzi umekauka. Nikamjibu bado. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote.

Jioni ile alipika kwa sufuria ndogo. Viazi vinne, mboga zile za kijitoni, chumvi, basi. Sahani yako aliiosha, akaifuta, akaiweka juu ya kabati kifudifudi. Asubuhi kuku walikuja mlangoni kama kawaida yao, wakasimama, wakawa wananitazama mimi.

Nami nikanyamaza. Mliniita Chiriku, na hamkukosea, lakini safari hii niliona aibu. Nilidhani Mama amekasirika, nikawa nangoja hasira ipoe. Siku ya nne akaja Mama mkubwa. Yule unamjua, huwa anaanza kuongea akiwa bado barabarani, ukimfungulia mlango unakuta hadithi imefika katikati. Siku hiyo aliingia kimya. Akaketi karibu na Mama, wakamenya vitunguu, na vitunguu vilipoisha wakaendelea kukaa. Kesho yake jirani fundi viatu akaleta mzigo wa kuni kavu, zile za akiba ambazo hata mkewe haruhusiwi kuzigusa, akasema tupo pamoja. Mwalimu mkuu akanitumia ujumbe nisihangaike, sweta halina haraka. Watu wote wakawa wapole kwangu kwa mpigo mmoja, na ngoja nikwambie, upole wa namna hiyo unatisha kuliko matusi.

Siku ya kumi Mama mkubwa akanivuta nyuma ya jiko, akaniuliza habari zako nilizipata kwa nani. Nikamuuliza habari gani. Akasema nisimfanye mtoto, simu iko mkononi mwangu, barua napokea mimi, na uzi aliuona kila aliyepita njia. Halafu akanipapasa bega, akasema nimeonyesha utu uzima, kutomtamkia mama yangu jambo zito kama lile, kuiachia kamba imwambie. Kaka, nilishika ukuta. Ndipo nikaelewa. Wamekuzika, na aliyekuzika ni mimi.

Nikakimbia ndani nikamwambia Mama kila kitu, kwamba hakuna habari, hakuna aliyepiga, ni uzi tu uliniishia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanishika shavu kwa mkono wenye harufu ya kitunguu, akasema ahsante mwanangu. Nikaapa. Akasema anajua namwonea huruma. Nikalia, nikaapa tena, akaniambia maneno yangu anayajua tangu nikiwa na meno mawili, nikivunja kikombe naongea, nikiiba sukari naongea. Ila safari hii nilinyamaza siku tisa, na tangu anizae sijawahi kunyamaza hata mchana mmoja. Alichokiamini ni kile kimya. Ukweli wangu aliuchukua kama blanketi ambalo mtoto mwema anamfunika mama yake.

Baada ya hapo akaanza kunifundisha. Alinipa sindano zake za mbao, zile alizoachiwa na Bibi, akanionyesha jinsi ya kufuma jani la kifuani ambalo alininyima miaka yote. Tukawa tunakwenda wote kijitoni, ananionyesha mboga ipi ni chungu na lazima umwage maji ya kwanza, wapi maji hayakauki hata kiangazi kikaze, ndege gani akilia upande gani tuanue nguo. Akaniambia nikitaka karakana niende, hakuna tena wa kungojwa. Nilivyolitamani neno lile, kaka. Lilinikaa tumboni kama kiazi kibichi. Siku za kwanza nilidhani amepata nafuu, nilitembea nyuma yake nafurahia upepo na harufu ya majani yaliyolowa. Halafu nikang'amua. Alikuwa ananikabidhi.

Maana siku ya kumi na mbili, baada ya uji, nilimkuta ameketi kwenye kigoda penye jua amevaa sweta lake la kijani, vidole vinakwenda. Nikadhani anafuma. Nikasogea. Alikuwa anafumua, kaka. Anafumua lake mwenyewe, likiwa mwilini. Sisi tunafuma kuanzia shingoni kuja chini, kwa hiyo anayefumua anaanza na pindo la chini anapanda. Alivuta mistari mitano, akaiviringisha kwenye donge, akaufunga uzi usiendelee kukimbia, akainuka kwenda kupalilia maharage. Kesho yake mitano tena. Hana haraka, hajawahi kuwa nayo. Nilipomuuliza anafanya nini, alijibu kwa sauti ile ile anayosemea kwamba chumvi imekwisha. Alisema ananipunguzia kazi.

Limeshapita kitovu, sasa liko chini ya mbavu. Asubuhi ukungu ukiingia naona kiuno chake kinatetemeka. Ana kikohozi, anasema ni moshi. Nilimpa sweta langu, akalikunja vizuri akaliweka sandukuni. Nikaficha donge, akatazama tu mahali lilipokuwa, akaanza lingine. Mama mkubwa nilimwomba amkataze, akasema mtu hakatazwi kuvua nguo yake mwenyewe, halafu akageuka akajifanya anapuliza moto. Jana mchana Mama aliposinzia kwenye kigoda nilipiga magoti nikahesabu mistari iliyobaki mpaka shingoni. Ni mia moja na minne. Kwa mitano kwa siku, ni siku ishirini na moja. Unaweza kusema sweta ni sweta tu. Mimi pia ningesema hivyo kama nisingeuona uso wake akivuta. Anavuta kama mtu anayefunga madirisha kabla ya safari.

Jana hiyo hiyo nikaenda kule yanakoegeshwa malori, nikamuuliza dereva kama anakujua. Akasema huko msituni watu ni wengi, wanakuja wanaondoka, lakini anamkumbuka mmoja mrefu, mkimya, anayepiga mluzi akinoa msumeno. Nikaruka, nikasema ndiye huyo, ndiye kaka yangu, alikuwa akitukera na mluzi wake. Akasema hajamwona tangu mvua zianze. Nikamuuliza ana maana gani. Akasema hana maana yoyote, hajamwona tu. Halafu akapanda juu akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa safi.

Sasa nifike kwenye lile ninalolizunguka tangu mstari wa kwanza. Kaka, sweta la mwalimu mkuu ni la bluu. Sina kazi hata moja ya kahawia. Uzi haukuniishia. Hiyo ndiyo hadithi niliyompa Mama, na nimekupa na wewe hapo juu kwa sababu mkono ulikataa kuandika nyingine.

Asubuhi ile nilikuwa nimelishika sweta lako, nikazifikiria zile mashine saba. Nikaukumbuka ujumbe wako wa mwisho, wa mwaka jana, wenye maneno mawili, "Nipo. Nitapiga." Mama aliniambia nimsomee ujumbe huo kila jioni kwa mwezi mzima, kana kwamba utaongezeka. Nikainusa kola kama anavyofanya yeye, nione anapata nini. Haikunuka mtu. Ilinuka sanduku. Nikasema, kwa sauti, kuku wakinisikia, basi asirudi tena, tumalize. Nikavuta. Sheria ya Bibi naijua kuliko kiganja changu, nilijua ninachokifanya na jiwe nililichagua mwenyewe kijitoni. Nilitaka uwe umekufa kwa siku moja tu, nione nyumba yetu inakuwaje mtu akiacha kukungoja. Nimeona. Na pale Mama aliponiuliza kama umekauka, nilielewa anachouliza. Ningeweza kusema palepale. Nilisema bado.

Sasa naogopa mambo mawili na sijui lipi ni kubwa. Naogopa kwamba Mama amekosea na atajimaliza kwa kosa langu. Naogopa pia kwamba hajakosea, kwamba siku ile nilipovuta huku, kuna kitu kilikatika huko.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha uzi wa kahawia, urefu wa mkono. Ni wako. Sikuufuma, wote uliobaki uko chini ya kitanda changu. Unakumbuka ulivyokuwa ukimshikia Mama uzi kwenye viganja, naye akizungusha donge, na mkifika mwisho unafunga lile fundo lako la mizunguko mitatu na kitanzi pembeni, Mama akaliita sikio la mbuzi? Hakuna mwingine anayeliweza. Najua kwa sababu nimejaribu kulighushi mara zaidi ya hamsini, ukilivuta linafunguka. Mama haamini karatasi, simu anasema inaweza kuwa sauti ya yeyote, na maneno yangu ndiyo kabisa. Uzi anauamini. Basi njoo. Ukishindwa kuja, funga sikio la mbuzi kwenye uzi huo umpe dereva. Anapitia kwingine, atarudi baada ya siku kumi na nane. Nimepiga hesabu, itakuwa imebaki mistari kumi na minne, inatosha kumfunika mabega.

Na uzi ukirudi hivyo hivyo, mtupu, sitapiga kelele. Nitakwenda kuketi karibu na kigoda chake, ninyooshe viganja, nimshikie.

Mama mkubwa anakusalimu bila kujua kwamba anakusalimu. Fundi viatu anakusalimu, kuni zake tumezipunguza sana, utakuja kumshukuru. Kuku wanakusalimu, bado wanaitafuta sahani yako. Nakuombea afya na mgongo imara. Usinisamehe kwa barua, uje unikaripie ana kwa ana, nitakaa kimya nikusikilize, nimeshajifunza.

Mdogo wako,
Chiriku

Nimeifungua tena bahasha, samahani kwa mchaniko. Mama ameniona nikiandika. Amekuja mpaka mlangoni, ameuliza kama nawaandikia ndugu kuwapa taarifa. Nimemwambia namwandikia kaka. Hakucheka wala hakubisha. Akasema vizuri, nikwambie usichoke kumngoja, amekaribia. Akarudi kwenye kigoda. Leo ameshavuta mistari kumi na miwili na bado hajainuka. Achana na hesabu yangu ya hapo juu, achana na fundo, usimngoje dereva. Alichoniambia nikwambie nimekwambia. Sasa njoo umkatalie mwenyewe.